Nilichokiona Pale Kalavati

Kabula ng'wanone, mwanangu,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuulizana hali. Mimi hali yako naisikia. Uko chumba cha pili, unavuta zipu ya begi, inakwama, unasonya, unaanza upya. Nilikwambia hilo begi ni dogo. Ukaninyamazia kama ilivyo kawaida yako, nami nikajifanya sijaona kama ilivyo kawaida yangu. Hivyo ndivyo tumeishi wewe na mimi tangu mama yako arudi kwao Lalago. Ukuta uliopo kati yetu ni wa tofali za udongo, ningeweza kusema tu ukasikia, lakini najua nikianza kusema utakumbuka kwamba mbuzi hawajafungwa, utatoka nje na hutarudi mpaka nilale. Kwa hiyo naandika.

Zamani mambo haya baba aliyasemea shikome, pale kwenye moto wa jioni mbele ya nyumba, watoto wamekaa na wajomba wamekaa, na hata jirani akipita alivuta gogo akaketi. Unaukumbuka moto wetu? Ulikuwa mdogo, ulikuwa unachoma mahindi ukimpa bibi yako yale yaliyoungua. Siku hizi nikiwasha moto ule naukalia peke yangu, na mtu anayekaa peke yake shikome anaonekana kichaa, kwa hiyo niliacha.

Sitakuandikia habari za nauli wala maji ya kunywa wala kujihadhari na watu. Wewe ni muuguzi, wewe ndiye wa kuniambia mimi nichemshe maji. Huko Tunduru ulikopangiwa sikujui, nimeuliza watu wa hapa Sapiwi hakuna aliyewahi kufika, wote wanasema tu ni mbali. Nimefurahi kwamba ni mbali. Nasema kweli. Nimefurahi kwa ajili yako, kwa upande wangu sina cha kusema.

Nataka kujibu swali uliloniuliza ukiwa ndani ya kaburi la bibi yako.

Labda umelisahau, ingawa sidhani. Ulikuwa umezama mpaka mabegani, jembe linashika udongo wa mbuga mweusi na haliuachii, maji yanapanda kutoka chini, mimi nayachota kwa ndoo na kuyamwaga nje. Ulisimama, ukajifuta uso kwa mkono wenye matope, ukaniuliza, "Baba, kwani huyo mtu aliendesha vizuri?" Hukuwa umepandisha sauti. Mpaka leo sijui kama ulikuwa unanikejeli au ulitaka kujua. Nikakujibu neno moja, "Chimba." Ukachimba. Hujawahi kuuliza tena, na mimi nimekuwa nikijibu kila siku kichwani, leo jibu hili na kesho jingine. Kesho unaondoka, kwa hiyo ni lazima nichague moja.

Nianze na huyo mtu, maana hukuwahi kumjua. Anaitwa Jilala, wa Shishiyu, kule Maswa. Nilipokuwa kijana hapakuwa na mwendesha baiskeli kama yeye Usukuma nzima. Alibeba maziwa asubuhi na jioni kwenye baiskeli ya chuma isiyo na gia, na siku ya mashindano alishusha madumu, akafuta mnyororo, akaenda kuwashinda watu waliovaa kaptura za kubana. Na mimi nilikuwa mwendeshaji, hilo unalijua, unaijua na ile medali ya bati niliyopewa kwa kumaliza tu. Lakini Jilala sikuwahi kumwona kwenye mbio. Nikishindana mimi, yeye alikuwa mbele mno. Niliyasikia tu makelele ya watu wakimpokea huko mwisho wakati mimi bado natafuta pumzi milimani. Nikaoa, nikaacha mashindano, na kila mwaka mbio zilipofanyika nilikuwa shambani kwenye pamba. Jioni watu walirudi wakinisimulia. Mmoja anasema Jilala alipaa, mwingine anasema hapana, alikuwa anatambaa kama nyoka. Nilichoka kusimuliwa. Uchovu huo watu hawauchukulii kama ni kitu, lakini upo. Unaishi kwenye ardhi moja na jambo kubwa, na unalipata likiwa limeshatafunwa na midomo ya wengine.

Halafu ikatangazwa redioni kwamba mbio za Maswa hadi Bariadi zitafanyika, na Jilala, mzee sasa, mvi kichwani, atashiriki kwa mara ya mwisho. Watu walicheka. Mama yako alicheka. Mimi nikajiambia, safari hii nitasimama barabarani nimwone kwa macho yangu, hata akipita wa mwisho.

Usiku wa kuamkia siku ile akafariki Mzee Sitta.

Hapa ndipo ninapotaka unisome taratibu. Nilikuwa mtunza vifaa vya msiba vya kijiji. Unakikumbuka kile chumba cha nyuma: mitaimbo, sururu, majembe, masufuria makubwa, turubai. Mtu akifa, wa kwanza kugongewa mlango ni mimi. Nilikipenda cheo kile kuliko nilivyoonyesha. Ufunguo nilikuwa nao mwenyewe, umefungwa kwenye uzi, unakaa mfuko wa suruali. Tena ilikuwa kiangazi kikali, ardhi imepasuka, bila mtaimbo hapachimbiki hata shimo la choo.

Asubuhi ile nilifanya hesabu yangu ya kijinga. Mbio zitapita mapema kwenye kalavati, lile daraja dogo la barabarani, mazishi ni alasiri. Nikatoka na baiskeli kabla hakujapambazuka vizuri, nikamwambia mama yako, "Nakuja sasa hivi." Nilikusudia kweli kuja sasa hivi. Nilipofika barabarani palikuwa na mama mmoja anauza matango, na vijana wachache wamekaa kwenye ukingo wa kalavati, pale lami inapoanza kupanda. Nikakaa nao. Jua likapanda. Hakuna baiskeli. Tukauliza madereva wa pikipiki wanaotoka Maswa, wakatuambia waendeshaji wamejipanga tangu asubuhi, wanamsubiri mgeni rasmi.

Unajua mgeni rasmi anavyosubiriwa. Ningeweza kumtupia yeye lawama zote, na miaka ya mwanzo nilifanya hivyo, nilimtukana mtu nisiyemjua hata jina. Lakini ukweli ni huu. Jua likiwa bado halijafika utosini niliingiza mkono mfukoni kutafuta kitambaa, nikaushika ule ufunguo. Niliushika, nikajua ni nini. Nikaona kabisa wanaume wamesimama kwenye uwanja wa Mzee Sitta, wamekunja suruali, wanamuuliza mama yako, naye anasema alisema anakuja sasa hivi. Baiskeli yangu ilikuwa imelala pale kwenye majani. Ningepanda, ningefika wakati bado inafaa.

Sikupanda. Nikanunua tango nikala.

Nimejaribu sana kuelewa yule mtu aliyekula tango. Hakuwa mtu mbaya, Kabula. Alikuwa ni mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba atasimuliwa jioni, na siku moja akagoma. Aligoma siku isiyofaa kugoma.

Walipita mchana. Kwanza gari lenye vipaza sauti, halafu vijana watatu wameshikana, wana baiskeli nyepesi za gia, halafu nyuma yao kidogo Jilala. Nilimtambua kwa baiskeli. Ilikuwa ileile ya chuma, imeondolewa madigadi na keria. Miguu yake ilikuwa imefungwa kwenye pedali kwa vipande vya tyubu, kama tulivyokuwa tukifanya sisi zamani. Alipofika mwanzo wa mlima, mbele yangu kabisa, hatua chache tu kutoka nilipokaa, pedali ya kushoto ikang'oka. Niliisikia ikigonga lami. Ikabingirika mpaka kwenye viatu vya mama muuza matango.

Mtu yeyote angeshuka. Mimi ningeshuka, ningekaa chini na kulia. Jilala hakushuka. Mguu wa kushoto aliunyoosha pembeni, ukabaki unaning'inia na kipande cha tyubu kinapepea, na akaendelea kwa mguu wa kulia peke yake. Kwa kuwa ulikuwa umefungwa aliweza kusukuma chini na kuvuta juu, kusukuma na kuvuta, na kila akisukuma alikandamiza goti lake kwa kiganja. Mlimani! Baiskeli ya chuma! Na hakuwa anarudi nyuma. Wale vijana watatu walikuwa wamepunguza mwendo kwa sababu ya mlima, naye akawafikia. Akampita wa kwanza. Yule kijana aligeuka kumwangalia, akaona mguu mmoja unafanya kazi na mwingine unaning'inia, akayumba karibu aanguke. Akampita wa pili. Karibu na kilele walikuwa wawili tu, mzee na kijana, bega kwa bega, kisha wakaingia upande wa pili wa mlima na sikuona tena.

Na kuna hili, ambalo sijawahi kumsimulia mtu. Alipokuwa anatupita pale chini, sekunde ile pedali imeshang'oka na kabla hajaanza kupanda, alitugeukia akasema, "Mwangaluka!" Ni salamu ya asubuhi, na ilikuwa mchana mkali, lakini ndivyo alivyosema. Alitusalimia sisi tuliokaa barabarani, kama mtu anayepita kwenye uwanja wa wakwe zake. Mama muuza matango akaitika kwa heshima zote. Mimi nilishindwa kuitika.

Kwa hiyo jibu la kwanza la swali lako ni ndiyo, Kabula. Aliendesha vizuri. Sijawahi kuona kiumbe mwenye damu akifanya jambo vizuri namna ile, na sitaona tena.

Mwisho wa mbio hakushinda. Kumbe mteremko ni mbaya zaidi kwa mtu mwenye pedali moja, halafu tambarare ndiyo kabisa, wakampita wote watatu na akamaliza wa nne. Waliokuwa uwanjani Bariadi waliona mzee mmoja amefika wa nne, wakampigia makofi ya huruma. Alichokifanya mlimani hakuna aliyekiona isipokuwa sisi wa kalavati. Mimi nilikuwa na simu ya tochi. Wale vijana wenye simu kubwa walikuwa bado wanarekodi gari la vipaza sauti.

Nilirudi nyumbani naendesha kama mtoto. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nilifika nikamkuta mama yako amekaa mlangoni mwa kile chumba cha nyuma, mlango umevunjwa. Walisubiri, wakachoka, wakapiga kitasa kwa jiwe. Mzee Sitta, ambaye mkewe alikukanda maji ya moto ulipokuwa mchanga, alilala juani chini ya shuka kwa sababu ya uzi uliokuwa mfukoni mwangu. Walimzika jua likizama. Mama yako akaniuliza, "Ulikuwa wapi?" Na mimi, mjinga mimi, bado nina furaha, nikamwambia, "Minza, laiti ungeona!"

Nadhani ndoa yangu iliishia hapo, ingawa aliondoka baadaye.

Unajua kilichofuata, lakini ulijua kama mtoto anavyojua, kwa kusikia milango ikifungwa. Nsumba ntale wetu, Maduhu, yule kiongozi wa vijana wa kijiji, alikuja na wazee. Hawakuja kwa ubaya. Aliniambia, "Masanja, sisi hatuna ugomvi na wewe. Umekosa. Toa dume tule pamoja, yaishe." Ndiyo desturi, masumule, anayekosa mazishi anawalisha wenzake, na akishawalisha hakuna anayelitaja tena. Kwa kosa kama langu dume moja halikuwa kubwa. Nilikuwa nao wawili, Polisi na Karani, ng'ombe wangu wa kulimia. Ukiondoa mmoja, wa pili hana kazi. Lakini sikukataa kwa sababu ya kulima. Nilikataa kwa sababu Maduhu aliongeza, akicheka kidogo, "Umetuacha na maiti kwa ajili ya kuangalia baiskeli?" Kile kicheko. Nikamwambia sitoi hata kuku. Nikamwambia hawajui wanachokicheka.

Basi wakatutenga. Mama yako akifika kisimani wanawake wanajitwika ndoo zisizojaa wanaondoka. Mashine ya kusaga ikawa inaharibika tukifika sisi. Wewe ulikuwa sekondari, ukaniambia siku moja kwamba wenzako wa kijijini wanatembea upande mwingine wa njia. Hakuna aliyetutukana. Walikuwa hawatusalimii tu. Hapa kwetu mtu humsalimia hata mgeni, hata mlevi, hata mtu anayemdai, na sisi tulipita katikati ya watu kama upepo. Ile mwangaluka ya Jilala ndiyo salamu ya mwisho niliyopewa hadharani mpaka yalipoisha.

Na yaliishaje? Masika yalipokolea, bibi yako Nkwimba akafa. Mama yangu. Alikufa kimya, kwa kifua, akiwa ameegemea mapaja yako. Maduhu alisimama kwenye mpaka wa shamba letu, hakuingia, akaita kwa sauti, "Masanja! Pole sana. Tumejipanga. Mfungue Polisi sasa hivi, tunakuja wote na majembe." Nyuma yake niliwaona wanaume kweli wamejipanga kwenye mvua, wengine wanalia, maana bibi yako alikuwa amewazalisha wake zao. Mama yako alinishika mkono. Akaniambia, "Baba Kabula, nakuomba. Nakuomba tu." Mimi nikapiga kelele kwamba sinunui kaburi la mama yangu kwa ng'ombe.

Hiyo ndiyo siku, siyo ile ya kalavati. Ya kalavati naweza kuielewa nikikaa nayo. Ya mvua siielewi. Walisubiri, wakasubiri, halafu wakageuka mmojammoja.

Kwetu msichana hachimbi kaburi. Hata mwanamke mtu mzima hasogei linapochimbwa. Wewe ulichukua jembe bila kuambiwa, ukaenda nyuma ya zizi ukaanza. Ulikuwa na sare ya shule, ndiyo nguo pekee iliyokuwa kavu. Mimi nilikufuata. Kuta zilikuwa zinabomoka, tunachimba, zinajaa, tunachimba, na maji hayakwisha mpaka mwisho. Tulimlaza bibi yako kwenye maji, Kabula. Tuliweka majani kwanza lakini maji yalipanda juu ya majani. Umesoma uuguzi, umeona maiti nyingi kuliko mimi, na bado najua kwamba hiyo ndiyo unayoiona ukifumba macho. Uliniuliza kama huyo mtu aliendesha vizuri, nikakwambia chimba.

Baada ya mazishi mama yako alikwenda Lalago kupumzika, na bado anapumzika. Na mimi, wiki chache baadaye, nilimfungua Polisi nikampeleka mwenyewe kwa Maduhu. Ndiyo. Baada ya yote. Nilichoka kutosalimiwa. Wakamchinja, wakala, wakanipa mkono mmoja baada ya mwingine, pole Masanja, karibu Masanja, na mashine ya kusaga ikapona. Karani nilimuuza kwa sababu hakuwa na mwenzake. Nililipa faini yote na sikupata kilichokuwa kinalipiwa. Kila nikimkumbuka Maduhu anakata nyama ile na kunichagulia maini, kwa upendo kabisa, natamani ardhi ipasuke.

Sasa, ilikuwa na thamani? Hilo ndilo swali lako hasa, hata kama hukuliuliza hivyo.

Kwa muda mrefu nilijipa moyo kwamba angalau ninacho. Wamenichukulia kila kitu, lakini kile nilichokiona hakuna wa kukichukua. Nikiwa napalilia nilikitoa na kukiangalia, pedali inagonga lami, mguu unaning'inia, kiganja juu ya goti. Nilikiangalia mno. Mwaka juzi nikafunga safari kwenda Shishiyu kumtafuta Jilala, sikukwambia. Nilitaka nikae mbele yake nimwambie mimi nilikuwepo. Nilimkuta anapukuchua mahindi na wajukuu. Alinikaribisha vizuri, akanipa maziwa. Nikamweleza pale kalavati, nikamweleza vijana aliowapita, nikamweleza salamu. Akanisikiliza kwa adabu. Halafu akasema, "Pedali nakumbuka iling'oka, ilinikera sana. Lakini kupita watu sikumbuki, ndugu yangu. Na salamu... jasho lilikuwa limejaa machoni, nilikuwa sioni kitu. Labda nilikuwa naomba njia." Akacheka. Nikacheka naye. Aliniuliza kama mbio zile alikuwa wa nne au wa tano.

Tangu nirudi kutoka Shishiyu, kile kitu kimeanza kuondoka. Nikikitoa kukiangalia, Jilala hana uso. Baiskeli naiona, halafu naona ile ya mjukuu wake iliyokuwa imeegemea ukuta. Sauti ya pedali bado ipo, lakini sina uhakika kama ni ya pedali au ni jembe lako lilipogonga jiwe kule chini, maana zimefanana. Na nikikazana sana kumwona mzee yule anapanda mlima, ninayemwona ni wewe, umezama mpaka mabegani, unasukuma jembe na kulivuta, unasukuma na kuvuta, na mvua inanyesha. Wewe huondoki. Kila kitu chako kipo pale, mpaka kifungo cha sare kilichokatika.

Kumbe siku ile nyuma ya zizi nilikuwa naangalia jambo la ajabu kuliko la barabarani, na sikulijua, nilikuwa nachota maji.

Kwa hiyo jibu langu la mwisho ni kwamba sina jibu la kukupa ulichukue Tunduru. Aliendesha vizuri. Haikuwa na thamani ile. Nikirudishwa asubuhi ile na baiskeli imelala kwenye majani, naogopa kwamba ningekaa tena, kwa sababu yule mtu hakuwa anajua. Na nikirudishwa siku ya mvua ningemfungua Polisi kabla Maduhu hajamaliza kuita. Lakini hakuna anayerudishwa, kwa hiyo hayo ni maneno ya mtu mwenye karatasi na kalamu.

Wiki iliyopita uliniambia, bila hasira, ukiwa unakunja kanga, kwamba ukiondoka huoni sababu ya kurudi hapa, na kwamba nisije stendi. Nimekuelewa. Sikuombi ubadilishe. Mama yako atakuwa Maswa akikusubiri, atakuletea karanga na atalia vya kutosha kwa ajili yetu wote. Huko uendako watu wakifiwa utakwenda, hilo sikufundishi, uliliona kwa gharama kubwa kuliko mtu yeyote.

Bodaboda atakuja kukuchukua giza bado halijaisha. Nitakaa chumbani mpaka utoke, nisikusumbue na kuagana. Barua hii nimeiweka ndani ya kiatu chako cha kazini, utaiona ukifika. Ukiwa unaisoma basi nitakuwa nimeshafanya hivi, na huwezi kunikataza.

Ukishatoka, nitachukua baiskeli niende barabarani. Basi lenu likitoka Bariadi kwenda Maswa ni lazima lipite pale kwenye kalavati, tena litakuwa limeshika kasi kwa sababu kwa upande huo ni mteremko. Nitakuwa nimekaa palepale. Sitasimamisha basi, sitapunga mkono. Safari hii sina ufunguo wa mtu mfukoni na hakuna anayenisubiri popote. Vioo vya mabasi yale ni vyeusi, huenda nisione hata kiti chako. Nitaliangalia tu mpaka liishe.

Na likinifikia nitasema mwangaluka. Itakuwa asubuhi, Kabula, kwa hiyo safari hii itakuwa saa yake.

Mimi baba yako,
Masanja